Mguu Mmoja Chemchemini

Alhamisi. Ukungu umelala mlangoni tangu asubuhi, na baridi ya huku kwetu, pale msitu unapoishia na mashamba ya viazi ya upande wa Molo yanapoanza, si ya kuchezea. Magoti yanalia kama bawaba za lango bovu. Lakini moyo, ewe shajara, moyo unacheka.

Nimeungama leo. Si kwa padre. Mbele ya kanisa zima, na mke wangu amekaa benchi la kwanza.

Nianze na dhambi yenyewe, maana ninyi mnaonisoma kwa simu mna tabia ya kurukaruka. Mimi shule niliacha darasa la tano na mwalimu akashukuru, kwa hivyo nitaenda polepole. Nachapa kwa kidole kimoja.

Zamani, nikiwa bado na meno yote, alikuja mtafiti Mzungu na daftari kubwa kuliko Biblia ya mhubiri. Tulimwita Bwana Daftari. Alitaka kuandika maisha yetu sisi Ogiek, watu wa msitu na asali. Akalala kwa baba yangu wiki tatu, akala asali yetu, akapima mizinga, akapima kuta, na kama mama hangemtazama vibaya angempima hata yeye. Maswali hayakuisha. Kwa nini mnaacha asali kidogo ndani ya mzinga mkivuna? Baba akamwambia, ili nyuki nao wale, wana watoto. Hakuandika. Ilikuwa rahisi mno. Alitaka siri.

Basi nikampa siri.

Nilimpeleka kwenye chemchemi ambapo nyuki wetu hunywa maji, nikamwambia kwa uso mkavu kwamba tangu enzi za mababu hakuna mtu achotaye pale kabla ya kusimama kwa mguu mmoja na kuyasalimia maji mara tatu. Bwana Daftari aliandika nusura kalamu itoe moshi. Kisha akavua kofia, akainua mguu, akasalimu. Salamu ya pili akateleza, akaingia mpaka kiunoni.

Shahidi alikuwa mmoja, rafiki yangu mkulima wa shamba la juu. Jina lake nitalificha. Mimi humwita Viazi, yeye huniita Nyuki. Siku hiyo alicheka mpaka akalazimika kushika mti.

Bwana Daftari akaenda zake. Alikuwa amempiga baba picha, akaahidi kuileta. Baba aliingoja ile picha mpaka akafa.

Sasa tuje huku karibu. Misimu miwili iliyopita, vijana wa Viazi walianza kuoshea pampu za dawa ya viazi pale pale chemchemini. Nyuki wakaanza kuanguka. Mtu ambaye hajawahi kuweka sikio kwenye mzinga asikie kimya, sijui nimweleze vipi. Mizinga yangu mitatu ilinyamaza. Nikaenda kwa Viazi nikiwa na hasira, nikamwita majina ambayo hata hapa siyaandiki. Yeye akasema nyuki wangu wanakufa kwa uzee kama mimi. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Vijana wakaanza kutembea na panga mahali ambapo hapana kuni za kukata.

Ndipo akaja Achieng. Ni daktari wa vitabu, si wa sindano; baba yake alikuwa mtu wa reli hapo Nakuru. Anasema utafiti wake ni wa kuondoa ukoloni. Nikamwuliza ukoloni ulikuwa umejificha wapi miaka yote hii. Akasema, "Ndani ya madaftari, mzee." Nikampenda hapo hapo, ingawa ugali anaousonga ni mgumu kama tofali.

Huyu hakuja na maswali. Alituuliza sisi, watu wa msitu na watu wa viazi pamoja, tunataka kujua nini. Nakwambia ukweli, watu walitazamana. Hatukuwa tumewahi kuulizwa hilo. Mke wangu ndiye aliyejibu: tunataka kujua ni nini kinaua nyuki. Wakafundishwa akina mama wa pande zote mbili kuchota maji kwa chupa ndogo, kwenye kijito juu ya chemchemi, ndani ya chemchemi yenyewe, na chini yake. Chupa zikapelekwa kupimwa. Majibu yakarudi kwetu kwanza. Sumu. Juu ya chemchemi maji ni safi, kuanzia chemchemi kwenda chini ni dawa ya viazi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kusomewa ripoti kanisani, tukosoe kabla haijaenda popote, kisha pande mbili zikubaliane la kufanya. Kwanza tukapita chemchemini.

Na hapo ndipo moyo wangu uliruka.

Achieng na wanafunzi wake wanne walipofika kwenye maji, wakasimama mstari, wakavua kofia, na kila mmoja akainua mguu. "Hamjambo maji." Mara tatu. Kwa heshima, kama watu wa Ijumaa Kuu. Nyuma yao watoto wetu wa shule ya nasari nao wakainua, wametulia kabisa, hata hawatikisiki. Kumbe mwalimu wao amekuwa akiwafundisha, naye ameitoa kwenye kitabu alichoazimwa na Achieng.

Kitabu! Bwana Daftari alikiandika, na Achieng amekipata huko mjini. Akanifungulia. Ukurasa mzima wa mguu mmoja, na mchoro. Nikataka kucheka. Kisha akageuza karatasi, na nikamwona baba.

Baba yangu, amekaa kwenye kigoda, mfuko wa ngozi wa asali begani. Chini yake kumeandikwa: mzee wa msituni, jina halijulikani.

Halijulikani! Mtu amelala kwake wiki tatu.

Nilikaa kanisani nikiwa na kitabu mapajani na sikusikia maombi. Nilichosikia ni Achieng akisoma kwamba chemchemi ni mahali patakatifu, ushahidi ukiwa ile desturi ya kusimama kwa mguu mmoja. Nikainua macho. Viazi alikuwa ananitazama kutoka benchi la upande wa pili, na lile tabasamu lake la mtu aliyeshika karata nzuri.

Nikaelewa. Akisema yeye kwamba mguu mmoja ni uongo, basi na sumu itakuwa uongo, na chupa za akina mama zitakuwa uongo, na vijana wake wataendelea kuosha pampu mpaka nyuki wa mwisho. Na nikinyamaza, nitakuwa sawa na yule aliyeandika jina halijulikani. Viazi akaanza kuinuka. Ana mwili mzito, Mungu amsaidie. Nikamtangulia.

"Daktari," nikasema, "hilo la mguu mmoja nilitunga mimi."

Mke wangu akafunika uso kwa leso.

"Ulitunga vipi, mzee?" Achieng akauliza.

"Kwa mdomo. Nilitaka kumwona Mzungu akiruka kama korongo. Mababu hawahusiki. Lililo la kweli ni lile ambalo hakuliandika: pale nyuki hunywa, na mwenye kuvuna asali huacha nyingine ndani. Na sumu ni ya kweli. Waulizeni akina mama, wao ndio waliochota, sikuwa karibu na chupa hata moja."

Viazi alikuwa amesimama nusu, mikono juu ya benchi. "Nyuki, umenikata maneno," akasema. "Nimetembea kutoka shambani na hotuba nzima kichwani!"

"Itoe basi."

"Nitoe nini na umeshajianika?"

Watu wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. Alizungusha kofia mikononi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ndama wake wawili waliokuwa wakinyweshwa chini ya chemchemi walikufa msimu ule pampu zilipoanza kuoshewa pale, na alijua ni nini, na alinyamaza kwa sababu hakutaka Nyuki afurahi.

"Ningefurahi kidogo tu," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo maana."

Kutoka hapo mambo yalienda haraka kuliko nilivyozoea. Pampu zitaoshewa kwenye shimo mbali na maji, huko karibu na barabara, na Viazi mwenyewe ndiye atachunga vijana wake. Yeye analeta nguzo za kuzungushia chemchemi, upande wangu tunaleta miche ya mtarakwa. Nikatoa asali niliyokuwa nimeificha ndani ya koti, tukaichanganya na maji kwenye kibuyu kimoja, mimi nikanywa, yeye akanywa. Hii ni yetu kweli, ya kumaliza ugomvi. Nilimtazama Achieng nikamwambia, "Andika, hii sijatunga." Akasema ataandika, lakini haitatoka kabla sijaisoma mwenyewe. Ana akili huyo.

Likabaki la mguu mmoja. Achieng alitaka kulifuta kwenye ripoti. Mwalimu wa nasari akalia kwamba watoto watamwona mwongo. Mke wangu akamaliza kesi: "Acheni watoto wainue miguu, wakiinua hawatupi takataka kwenye maji. Lakini andikeni aliyelianzisha ni nani, na kwamba ni kichwa maji." Limeandikwa hivyo. Nimeona kwa macho yangu.

Kisha Achieng akanipa kalamu. Akasema kitabu ni chake, hakuna wa kumzuia. Nikakata lile neno halijulikani, nikaandika jina kamili la baba, maneno yote matatu, kwa mwandiko wa darasa la tano. Herufi ya mwisho ikapanda kilima. Haidhuru. Sasa linajulikana. Ukurasa mmoja nimeukosoa. Kitabu kizima kina mambo, nitaomba kalamu nyingine.

Jioni, kabla jua halijazama, Viazi alinipitia twende tupime pa kuchimba nguzo. Tulifika chemchemini tukiwa wawili tu. Hakukuwa na mtafiti, wala mtoto, wala mwalimu. Tulipima. Tulibishana kidogo. Tukataka kunywa maji, tukakumbuka bado hayanyweki, tukabaki tumesimama tukiyatazama.

"Wewe kwanza," Viazi akasema.

"Mimi magoti."

"Mimi tumbo."

Basi nikamshika bega, naye akanishika bega, na wazee wawili wakainua mguu mmoja mmoja. Salamu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu hatukufika, kicheko kilituangusha kwenye matope.

Mke wangu anauliza nimeanguka wapi. Nimemwambia ni mila.

Kesho alfajiri nitaweka sikio kwenye mizinga.