Kikopo cha Mafuta ya Mgando

Duka la Vipodozi,
Mkabala na kituo cha mafuta,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwamba ukimaliza zamu unashuka ngazi umeshikilia ukuta, na tangu hapo kila nikiinama kuokota kitu nakukumbuka. Tafadhali usijifanye chuma. Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Huku tunapumua. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayopiga kelele. Binti yetu Chiriku naye mzima, anakula na kulala, ila huo uzima wake una maelezo, kwa hiyo keti kitako kwanza.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema nimekugeuzia mtoto. Kwamba tangu aje kukaa kwangu hataki hata kukuonyesha uso kwenye simu, anafunga kamera na kukujibu "ndiyo" na "hapana" kama mtu aliyeshikwa na polisi. Yeye tuliyempa jina la Chiriku kwa kutonyamaza.

Nilianza kukujibu kwa hasira siku ile ile ulipofika, kabla ya mengi nitakayokueleza. Nilijaza ukurasa mzima, Dada, na ulikuwa ukurasa mkali. Nilikukumbusha ni nani aliyenibandika jina la Muuza Sabuni, na ni nani aliyeniuliza mbele ya wageni nimesomea wapi mambo ya ngozi. Nikakukumbusha kwamba nilianza na beseni na kipande cha turubai kando ya barabara, leo nina kaunta, rafu hadi darini na mlango wa kioo, na hakuna aliyenishika mkono. Nilipofika hapo nikainua macho, nikamwona mtoto anapita ukumbini, amejitanda kitambaa mpaka puani, ndani ya nyumba, na joto lote hili. Nikauchana ule ukurasa.

Hajakuchukia, Dada. Anakuficha uso wake. Na uso huo nimeuharibu mimi.

Ngoja nikueleze ninavyofanya kazi, ndipo uone nilipoteleza. Mteja akitaka sabuni ya uso, simwachi achague kwa harufu wala kwa uzuri wa chupa. Ananawa maji matupu, anakaa nusu saa bila kupaka chochote, kisha namkandamizia karatasi laini kwenye paji la uso, puani na mashavuni. Karatasi ikilowa mafuta kote, huyo ana ngozi ya mafuta, nampa sabuni ya povu. Ikilowa pajini na puani tu, ngozi yake ni mchanganyiko, nampa ya wastani. Ikitoka kavu, nampa ile laini isiyo na povu, nzito kama maziwa. Katika kila wateja kumi wanaoingia wakiapa kwamba nyuso zao ni mafuta matupu, sita karatasi inawaumbua. Ndiyo maana nilishaacha kuwauliza. Nilikuwa nikijigamba kwamba mdomo wa mteja hukosea, karatasi haikosei.

Chiriku nilimpima siku aliyoanza kunisaidia dukani. Karatasi ikatoka inang'aa kama iliyofungiwa chipsi. Sikumuuliza neno. Nikashusha sabuni kali kuliko zote rafuni, ile ya vijana waliojaa chunusi, nikamwambia anawe asubuhi, mchana na jioni.

Kumbe alikuwa amepaka mafuta ya mgando. Unakikumbuka kile kikopo ulichomfungia kwenye begi? Alipokuja alikiweka juu ya meza ya kioo chumbani, nami nikamuuliza hayo mafuta ya kupaka viatu yanatafuta nini nyumbani kwa mtu mwenye duka la vipodozi. Ulimi wangu unaujua. Akacheka, nikadhani yameisha. Yeye akakificha chini ya nguo, akawa anapaka kwa siri kwa sababu uso ulikuwa unambana. Na maji matupu hayaondoi mafuta ya mgando, jambo ambalo mtu wa biashara yangu angepaswa kulikumbuka hata usingizini. Karatasi ilinionyesha kikopo chako, mimi nikadhani naona ngozi.

Baadaye aliniambia, mara moja tu, "Mama mdogo, hii inaniwasha."

Nikamjibu, "Ikiwasha ujue inafanya kazi."

Hakurudia tena. Alikuwa ananawa mara tatu kama nilivyomwagiza, na kikopo akakiacha, eti asiharibu dawa. Mashavu yakaanza kukakamaa, kisha kubabuka, kisha yakatoka mabaka mekundu yaliyogeuka meusi. Mimi nikawa nasema uchafu unatoka. Nilikuwa nimeinyang'anya ngozi kavu mafuta kidogo iliyokuwa nayo, na nikiona inalia, naiongezea sabuni.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu nianze barua hii.

Alipokuwa bado na uso wake mzuri nilimweka mbele ya kaunta na kuwaambia wateja wamtazame binti wa nyumbani kwangu. Uso ulipochubuka, kuna mama mmoja alimtazama, akaitazama chupa aliyoishika, akairudisha rafuni polepole na kutoka bila kuaga. Kesho yake nikamhamishia Chiriku stoo. Nilimwambia maboksi yanahitaji kupangwa. Yalikuwa yamepangwa, Dada, na sote wawili tulikuwa tunayatazama yalivyopangwa.

Akawa anashinda huko nyuma ya pazia. Siku moja fundi cherehani wa mlango wa pili akaingia kununua losheni, akauliza yule binti anayepiga naye stori amekwenda wapi. Kabla sijatunga la kusema, sauti ikatoka stooni: "Nipo, fundi. Nina mafua, nisije nikakuambukiza. Mama mdogo kanipumzisha."

Fundi akacheka na kusema, "Mafua gani hayo yasiyopiga chafya?"

Basi mtoto akapiga chafya ya kujilazimisha, kubwa, ya kuchekesha, na fundi akaondoka ameridhika. Mimi nikabaki nimeshika pesa yake ya losheni. Mtoto niliyemficha kama bidhaa iliyopitwa na tarehe alikuwa anadanganya ili jina langu lisichafuke.

Nilifunga duka mchana ule ule nikampeleka hospitali kwa daktari wa ngozi. Nikaanza kueleza, nikitaja majina ya sabuni na vipimo vyangu. Daktari akanisikiliza kwa adabu, halafu akamgeukia mtoto, akamuuliza, "Wewe ukishanawa, uso unajisikiaje?"

"Unabana," Chiriku akasema. "Mpaka naogopa kucheka."

Ngozi kavu, Dada, tena nyepesi. Swali moja tu. Mimi nilikuwa na karatasi, rafu na kelele zangu zote, na swali hilo sikuwa nalo.

Ameambiwa aachane na povu kabisa. Usiku ananawa kwa ile laini, bila kusugua wala maji ya moto. Asubuhi anasafisha kwa maji ya uvuguvugu tu, na anapaka mafuta uso ukiwa bado na unyevu. Mabaka yatachukua miezi, ila makovu hatayapata. Daktari akamuuliza alikuwa anapaka nini zamani, akataja kikopo. Akamwambia kwamba aliyemzoesha hicho anaijua ngozi yake. Nilisikia vizuri, nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Kwa hiyo nakuomba radhi, Dada. Sabuni ilikuwa kosa la kazi, ningeweza kulibeba. Stoo hainitoki rohoni. Yeye nimeshamwomba radhi. Akasema amenisamehe, ila stoo harudi.

Na hajarudi. Amesimama kaunta na mabaka yake, kitambaa kaning'iniza mlangoni. Siku hizi mteja akiingia tunampa kiti na kumuuliza kwanza: uso ukishanawa unabana au unateleza, unawasha, umepaka nini leo? Karatasi inakuja baadaye. Juzi msichana mmoja akamkodolea macho, akamuuliza yeye mwenyewe alitumia ipi. Chiriku akamjibu, "Nilitumia isiyo yangu. Ndiyo maana wewe tunaanza kwa kukuuliza." Nikajifanya nafuta rafu.

Hayo ya Muuza Sabuni bado ninayo moyoni, usidhani nimeyasahau. Lakini zamu yake siyo leo.

Jumapili mchana atakupigia, kamera ikiwa wazi. Amekubali mwenyewe. Utaona shavu la kushoto halijapona na nyusi zimepukutika kidogo. Nakusihi, usianze na uso. Anaogopa utalia. Mtanie, mwulize amekula nini, mwache aropoke kama zamani. Ukitaka kugomba nitakuwa nimeketi pembeni yake, omba simu nipewe mimi.

Kikopo kimerudi juu ya meza ya kioo, na kimebaki kidogo sana. Usitume kingine, huku vipo, hata mimi nauza. Ila siku hiyo mwonyeshe wewe mwenyewe anavyopaswa kupaka, kama ulivyokuwa ukimpaka. Nami nitatazama.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake, kaka yetu fundi umeme akipita huko kwenu, na shangazi Mama Redio, mwambie habari hii asiitangaze mpaka mabaka yaishe. Chiriku anasema barua yake itakuja peke yake, haamini nitamwandikia anayoyataka.

Mungu akunyooshee mgongo, akupe zamu nyepesi na viatu visivyobana, na atukutanishe tukiwa bado na meno ya kuchekea.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokununia,

Muuza Sabuni