Pengo Kati ya Zastrow na Kubiak

Nyumba 1418, Mtaa wa Franklin,
Manitowoc, Wisconsin.
Jumatatu, 15 Julai 1996.

Kwa Renata Hruska,
Kikosi cha Tarumbeta na Ngoma cha Cedar Valley,
kwa anwani ya shule walikofikia,
Salina, Kansas.

Mpendwa mpwa wangu Renata,

Pokea salamu kabla ya neno jingine lolote. Hujambo? Na mguu, haujambo? Nauulizia peke yake kwa sababu nasikia siku hizi mguu ndio mkubwa wa nyumba, wewe unaufuata tu. Unalala vizuri kwenye sakafu za shule za watu, huko kwenye ziara yenu ya mashindano? Unakula, au bado ni ule mkate na siagi ya karanga asubuhi, mchana na jioni?

Sisi huku hatujambo. Mkaza mjomba wako Lorraine hajambo, isipokuwa goti lake, ambalo hutabiri mvua vizuri kuliko televisheni. Babu yako Ignace anakula na anagombana na redio, kwa hiyo tunajua yu mzima. Mimi ni mzima kama kengele ya kanisa, na sauti yangu unaijua. Kabichi za mwaka huu zimestawi mpaka jirani ameniomba ruhusa aegeshe gari kwenye kivuli cha moja. Hiyo ndiyo habari ya bustani.

Sasa nije kwenye jambo. Mama yako alinipigia simu Jumamosi. Hakunisalimia. Alisema, "Florian, mwanangu amevunjika mfupa wa mguu, yuko Kansas, na Alhamisi anapanda basi kurudi nyumbani. Wewe ndiye uliyemtia wazimu huu akiwa na miaka minane. Mwandikie."

Nikamwambia, "Dada, mimi nilimpa tarumbeta. Wazimu alizaliwa nao, upande wa baba yake."

Akakata simu.

Ningeweza kukupigia na mimi, lakini najijua. Nikishika simu naongea mpaka mtu huiweka mezani akaenda kuosha vyombo, akirudi bado nasema. Lorraine ameshanifanyia hivyo, tena vyombo vya Krismasi. Barua naituma kwa njia ya haraka, itakufikia Jumatano. Isome kabla hujafunga begi.

Mama yako alinieleza ulivyomwambia. Kwamba plasta ni ya wiki sita. Kwamba una miaka ishirini na moja, na ukimalizika mwezi wa nane hutaruhusiwa tena kuvaa sare, kwa hiyo kwako mchezo umekwisha. Na kwamba hutaki kukaa jukwaani Ijumaa wenzako wakishindana, ulitazame pengo lako safuni kama mtu anayetazama kaburi lake. Hilo neno la kaburi liliniuma. Niliacha soseji nusu kwenye sahani, na Lorraine ni shahidi kwamba jambo hilo halijatokea tangu tuoane.

Unajua nilivyokuwa katika kikosi chetu cha Mtakatifu Kasimiri. Tulikuwa watu hamsini na sita tu, siyo mia moja na ishirini na wanane kama ninyi. Ninyi matarumbeta yenu yana vitufe viwili. Letu lilikuwa na kimoja, nacho kikikwama unakipiga ngumi na kuendelea. Hata hivyo tulipokuwa tukipiga pale ufukweni, jogoo wa upande wa pili wa ziwa, huko Michigan, waliacha kazi ya kuwika wakaona kuna wakubwa wao. Mimi mwenyewe noti yangu ya juu ilipasua kioo cha saa ya padri. Saa ilianza kwenda vizuri baada ya hapo.

Bwana Zielke ndiye aliyetufundisha kutembea. Mchana alikuwa tarishi wa posta, jioni alikuwa mfalme. Hakuwa na kipaza sauti, alikuwa na koo. "Wojtecki! Hiyo miguu umeiazima? Mrudishie mwenyewe!" Kwa Kubiak, ambaye alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, alisema, "Kubiak, inama kidogo, umetuzibia jua!" Hatua nane kwa yadi tano, kila hatua sawa na mwenzake, mvua au jua, mpaka unaziota. Mpaka leo nikienda kanisani kupokea komunyo nafika na mguu wa kushoto. Nimeshajaribu kuacha, siwezi.

Katika safu yetu ya mbele nilikuwa wa nne kutoka kushoto. Upande mmoja wangu Zastrow, ambaye alikuwa hacheki, upande wa pili huyo Kubiak. Miaka mitatu nilikaa kati yao. Nilijua Zastrow amekula nini kwa pumzi yake tu.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Lorraine. Unamkumbuka yule fahali? Yule aliyevunja uzio mwaka wa 1971 akaingia uwanja wa mazoezi, nami nikamshika pembe asiwafikie wapiga ngoma, akanivunja kifundo cha mguu? Renata, fahali hakuwepo.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye uwanja wa sekondari, wiki mbili kabla ya mashindano ya jimbo kule Racine. Tulikuwa tunakwenda kinyumenyume, hatua kumi na mbili, halafu kusimama. Kinyumenyume unakujua mwenyewe: hugeuzi kichwa, unaamini hesabu. Na mimi huo ulikuwa mwaka wangu wa nane kikosini na wa mwisho, umri ulikuwa umeshafika ukutani kama wako. Nikajiona hesabu ni ya watoto. Nilikuwa namwambia Zastrow kwa pembe ya mdomo jinsi nitakavyoipiga ile noti Racine mpaka majaji wavue kofia. Kumi na mbili ikapita. Zastrow akasimama, Kubiak akasimama, mimi nikaendelea na safari. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano.

Nyuma yetu palikuwa na lile shimo la mchanga la wanariadha wa kuruka mbali. Niliingia humo kwa mgongo, tarumbeta mkononi, na kifundo kikalia kama kijiti kikavu. Halafu nikamsikia Kubiak: "Mpimeni! Mpimeni kabla hajaamka, huenda ameivunja rekodi!"

Hata Zastrow alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia.

Basi huyo ndiye fahali. Miaka ishirini na tano nimemlisha, kila Krismasi ananenepa. Leo nimemchinja kwa ajili yako. Usimwambie mama yako, atataka na ngozi.

Nilipotoka hospitali na plasta nilifunga begi, kama wewe. Nilimfuata Bwana Zielke kwenye ukumbi wa parokia, alikuwa ameinamia karatasi zake za michoro, zile zinazoonyesha kila mtu anasimama wapi. Nikamwambia, "Mimi nakwenda zangu. Nafasi yangu mpe mtu."

Hakuinua kichwa. "Hakuna mtu. Wiki mbili hazimtoshi mtu kujifunza."

"Basi ifungeni. Wasogee."

Hapo akaniangalia. "Wakisogea, Zastrow atakuwa wapi? Kubiak atakuwa wapi? Watu hamsini na watano wamejua wanasimama wapi kwa sababu wewe unasimama pale. Nenda nyumbani ukitaka, Florian. Lakini pale utabaki, upende usipende."

Nilidhani ananichokoza. Nilikwenda nyumbani nikanuna siku nne, mpaka marehemu bibi yako akasema kama nanuna ninune huku namenya viazi. Siku ya tano nilirudi kwa magongo. Ilikuwa afadhali kuliko viazi.

Siku ya Racine nilikaa jukwaani, juu kabisa, usawa wa katikati ya uwanja, magongo mapajani. Kushoto kwangu na kulia kwangu walikuwa bibi wawili ndugu kutoka Kenosha, wanapitishiana mfuko wa bisi mbele ya pua yangu. Zamani zile majaji walikuwa wanaingia uwanjani wenyewe na ubao na kalamu, wanatembea kati yetu wakiwa karibu mpaka unasikia harufu ya sigara zao. Kila kosa alama moja, na kila alama inakula sehemu ya kumi ya pointi. Buti likichelewa, alama. Bega likipinda, alama. Mtu alikuwa anaogopa hata kupepesa jicho.

Kikosi kikaingia. Nikaliona pengo, kama jino lililong'oka. Wewe umesema kaburi, na nakubali, dakika ya kwanza ilikuwa hivyo. Nilitaka kushuka ngazi niondoke, lakini kwa magongo ningewakanyaga wale bibi.

Halafu safu ikaanza kutembea, na pengo likatembea nayo.

Renata, sijui niandike vipi. Shule niliiacha darasa la kumi nikaenda kiwandani, maneno makubwa sina. Safu iligeuka, pengo likageuka. Safu ilizunguka kama mlango, na pengo likaenda hatua nane kwa yadi tano, halikuchelewa, halikupinda. Zastrow alikuwa anakagua bega lake kwa kulinganisha na bega ambalo halipo. Kubiak, na ukubwa wake wote, kwenye ile kona ambapo tulikuwa tunapishana karibu sana, alijibana kiwiko kama kawaida ili asinigonge. Mtu hakuwepo wa kugongwa! Na alijibana.

Bibi wa kushoto akasema, "Tazama, pale pana mtu amekosekana."

Bibi wa kulia akatafuna, akaangalia, akasema, "Hajakosekana. Yupo. Huoni wanavyompisha?"

Wakati huohuo jaji alikuwa anakuja na ubao wake akifuata safu yetu, anachungulia buti, anaandika. Kwa mtu wa kwanza aliandika. Wa pili akaandika. Wa tatu, Zastrow, akamtazama sana, akaandika. Akafika kwenye pengo. Njia ilikuwa nyeupe mbele yake, angekatisha tu. Alisimama kidogo, Renata, halafu akapita nyuma, akalizunguka, akatokea kwa Kubiak.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Walionena hivyo hawakuwa Racine siku ile.

Tulikuwa wa nne. Nikikuambia tulikuwa wa kwanza, huyo atakuwa fahali mwingine. Lakini jambo hili ni kweli na naweza kuliapia mbele ya padri yeyote mwenye saa: katika safu ya watu kumi na wawili, ni mmoja tu ambaye jaji hakumwandikia alama hata moja. Miaka minane kikosini, na siku ile ndiyo niliyotembea vizuri kuliko zote.

Nimewaona ninyi mwaka jana pale Madison, na nasema bila choyo, mnatushinda. Sisi tulikuwa na kelele, ninyi mna upepo. Lile tarumbeta kubwa unalobeba begani, zito kama ndama, wewe unalizungusha kama mwavuli. Nilimwambia mtu aliyekaa mbele yangu kwamba yule wa pili kutoka mwisho ni mpwa wangu. Nikamwambia tena. Mara ya sita akahama kiti, akaja mwingine, nikamwambia na yeye.

Kwa hiyo sikuombi ubaki mpaka mwezi wa nane. Nakuomba siku moja. Alhamisi basi liache liende, tiketi haiozi. Ijumaa panda jukwaani, juu, katikati, mguu uweke kwenye kiti cha mbele, na kama mwenye kiti akisema kitu mwambie mjomba wako ameruhusu. Usiutazame uwanja wote. Watazame wawili tu, wa kulia kwako na wa kushoto kwako. Ukiona wamesogea, ukiona wameifunga nafasi yako hata kwa nusu hatua, panda basi la Jumamosi, nami nitakuja kukupokea kituoni na kukuomba radhi, na unajua mimi radhi siombi ovyo. Lakini ukiona wanakupisha, basi hapo ndipo ulipo, na mtu haondoki mahali alipo. Jumamosi asubuhi nenda kawajazie wenzako maji. Mimi nilijaza maji na kung'arisha matarumbeta mpaka msimu ukaisha, kwa gongo moja, na ndoo hazikumwagika. Labda moja.

Lorraine anakutumia biskuti za siagi ndani ya bahasha kubwa. Zilikuwa ishirini na nne. Zikifika kumi na tisa ujue posta ya siku hizi si kama ya Bwana Zielke. Babu Ignace anasema usikune ndani ya plasta kwa kisu. Mama yako anakusalimu, ingawa hajui nimekusalimu kwa niaba yake. Nisalimie wenzako wote wa matarumbeta makubwa, na hasa hao wawili wa pembeni mwako. Waambie mjomba wako anawatazama viwiko.

Mungu aushike mfupa wako mpaka uunge, akulinde barabarani huko, na akuwekee watu wa kukupisha popote utakapokwenda.

Ni mimi akupendaye kwa moyo wote,

Mjomba Florian,
wa nne kutoka kushoto.