Kunguru wa Kamba za Viatu

Mtito Andei,
6 Oktoba 1974

Kwa dada yangu Mbinya,

Pokea salamu nyingi kama mchanga. Mimi ni mzima, hata nimenenepa, wasiwasi wangu ni nyinyi huko Kyuso. Baba anaendeleaje tangu ule ugonjwa umwangushe? Mkono wa kulia umeamka au bado?

Mimi hapa petroli stesheni ni mtu wa maana. Lori likitoka Mombasa, dereva hashuki kabla hajauliza Ndolo yuko wapi. Bahari nimeiona mara nne, ni maji tu. Ajabu ni kunguru wa hapa. Wanaokota vifuniko vya soda, wanapanda navyo juu ya mabati, wanaviachilia viteleze, halafu wanakimbia kuvidaka kabla havijafika chini. Hawali, hawauzi, wanacheza tu. Jana mmoja alivuta mkia wa mbwa wa hoteli. Mbwa kugeuka, mwenzake akachukua nyama. Unajua walifanya nini? Waliiacha hiyo nyama kwa mabati, wakarudi kwa mkia.

Msomee Baba. Najua tangu nitoroke darasa la sita hajaniandikia hata mstari mmoja, na yeye ni mwalimu. Msomee hivyo hivyo.

Ndugu yako,
Ndolo

Kyuso,
28 Oktoba 1974

Mpendwa ndugu yangu,

Salamu zimefika, nasi tunapumua. Mvua imeanza, nimepanda ndengu. Baba bado hasemi. Daktari amesema mkono usipofanya kazi mpaka Krismasi utabaki hivyo, na yeye hataki hata kuutazama. Namlisha, namvisha, namfunga viatu.

Barua nimemsomea. Nilipofika kwa mbwa alitoa sauti, nikakimbilia maji nikidhani amekwama koo.

Kunguru usinisifie. Hapa tuko na wawili, wanafukua mbegu zangu. Mmoja kila asubuhi anamwendea Baba kwa kiti, anavuta kamba ya kiatu mpaka ifunguke, halafu anarudi nyuma kidogo anamwangalia. Mimi nafunga, yeye anafungua. Jirani yetu Mbuvi anasema tuue mmoja, tumtundike kwa mti katikati ya shamba, mwingine ataogopa. Nimekubali. Akimaliza kupanda kwake atakuja.

Dada yako,
Mbinya

Mtito Andei,
9 Novemba 1974

Dada, salamu baadaye. Mbuvi asije.

Hiyo sauti haikuwa kukwama. Baba alicheka, ni vile tu umesahau kwa maana ni siku nyingi. Na hiyo kamba usiifunge tena. Kunguru akifungua, wewe enda jikoni. Mwache Baba na kiatu chake. Mwalimu hawezi kukaa na kiatu wazi mbele ya watu mpaka jioni, namjua.

Barua hii nampa dereva Mutie aje nayo kwa mkono, posta ina usingizi.

Ndugu yako,
Ndolo

Kyuso,
30 Novemba 1974

Ndugu yangu,

Natumaini u mzima. Mto ulikata barabara, Mutie amefika jana. Mbuvi alikuja wiki mbili zilizopita.

Yule wa viatu ndiye alikuwa hawaogopi watu, kwa hivyo ndiye alikuwa rahisi. Ananing'inia kwa ndengu. Mbegu hazifukuliwi tena, hiyo ni kweli. Lakini Baba nikimtoa nje anafunga macho. Muthokoi wa mahindi namwekea mdomoni, unakaa tu hapo. Nimeomba, kanisa limeomba. Wewe ndiye unajua kuchekesha. Nifanye nini?

Dada yako,
Mbinya

Mtito Andei,
8 Desemba 1974

Dada Mbinya,

Usijilaumu, hata mimi ningemwita Mbuvi.

Leo sitanii. Hapa sina ukubwa wowote. Naosha malori, na madereva wananiuliza kwa sababu ndoo ziko kwangu. Sijaja nyumbani kwa sababu Baba alisema nisivuke mlango bila cheti, na cheti nitatoa wapi.

Mteremshe huyo ndege, mzike mahali Baba anaona. Halafu kila asubuhi mfungue Baba kiatu wewe mwenyewe, ukimbie. Najua wewe ni mama wa kanisa. Kimbia tu.

Nimeweka vifuniko saba ndani ya bahasha, nimechagua vinavyong'aa. Virushe juu ya mabati. Pengine yule aliyebaki ataviona.

Ndugu yako,
Ndolo

Kyuso,
12 Januari 1975

Mpendwa ndugu yangu,

Heri ya mwaka mpya. Hapa tuko salama, tumekula Krismasi bila furaha.

Vifuniko nilivirusha, na nilikimbia asubuhi kumi na moja. Bibi ya Mbuvi ameniuliza kanisani kama niko na shida nyumbani. Baba hakusogeza hata kidole.

Asubuhi ya kumi na mbili nilichelewa kwa mbuzi. Nikirudi nasikia kelele ya kifuniko kwa mabati, nikamkuta yule mwingine kwa kiatu cha Baba. Nikaenda jikoni kama ulivyosema, nikachungulia mlangoni. Alifungua, akarudi nyuma, akangoja. Baba akatazama kiatu, akatazama, hata chai yangu ikachemka ikamwagikia moto. Halafu mkono wa kulia ukateremka. Siku hiyo haukuweza kufunga.

Ndengu amekula mistari miwili. Mbuvi nimemwambia akae kwake.

Hiyo karatasi nyingine imekula asubuhi mbili. Sikumsaidia.

Dada yako,
Mbinya

Ndolo,

Kamba nimefunga. Anafungua.

Hiyo ya mbwa siamini. Njoo uniambie kwa mdomo.

Baba yako