Mkono Wangu Kichwani mwa Achta

Mongo, Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri

Kwa dada yangu mpenzi Zenaba,

Pokea salamu zangu nyingi huko N'Djamena, wewe na shemeji Ousmane na watoto wote. Natumai mnaendelea vizuri na kile kikohozi cha mwanao Mahamat kimekwisha. Mama anasema usitegemee dawa za dukani peke yake, umpe na uji wa mtama wenye tangawizi, na ukikataa basi ujue umekuwa mzungu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anatembea, anakula na anagomba, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mtama tumeshauvuna. Mbuzi wako mweusi amezaa mapacha, ila mama anadai mmoja ni wake kwa sababu ndiye aliyemzalisha.

Utashangaa kuona barua wakati watu wanapigiana simu. Simu ipo, lakini ni ya Adoum na inalala mfukoni mwake, na haya ninayotaka kukueleza siwezi kuyasema mume wangu akiwa anasikiliza. Anayekuletea ni mke wa mwalimu Gamar, ambaye hana tabia ya kuchungulia mambo ya watu. Isome ukiwa peke yako. Usinikasirikie mpaka ufike mwisho. Ukifika mwisho, nikasirikie utakavyo.

Najua umesikia kwamba Achta alirudi kwa mama, lakini habari hizo zilikufikia zikiwa zimeshapikwa. Ukweli ni huu. Wiki tatu zilizopita mdogo wetu aliingia uani kwa mama na kifurushi kimoja, akasema harudi tena kwa Issakha. Alisema mumewe anampiga, tena hampigi usoni wala mikononi. Anamshika nywele kwa nyuma, anazizungusha mkononi na kumburuta. Mama alilia. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nachambua bamia, na niliendelea kuchambua.

Unajua jinsi tulivyofungamana na nyumba ile. Nilipoolewa na Adoum, na miaka minne baadaye mdogo wake Issakha akamposa Achta, mama alitembea mtaa mzima akijisifu kwamba mabinti zake wawili watapika kwenye ua mmoja. Kwa hiyo Achta alipoondoka, ua mzima ulinigeukia mimi. Mama mkwe aliacha kuniitikia salamu. Adoum hakupiga kelele, unamjua hana kelele. Aliniambia tu, huku akivaa viatu, kwamba mdogo wangu akiivunja nyumba ya ndugu yake, na mimi nianze kukunja nguo zangu, na watoto hawataondoka na mimi. Kisha akaenda sokoni.

Ijumaa iliyopita wazee walikaa kwa mama. Baba mdogo Abakar ndiye aliyeongoza, na upande wa Issakha walikuja watu watano na mama yao. Achta alieleza yote, kwa sauti ndogo lakini bila kusitasita. Issakha akaapa kwamba hajawahi kumgusa. Alisema, "Wazee wangu, tazameni nywele zake zinavyong'aa! Hivi mwanamke anayeburutwa anakuwa na nywele kama hizi?" Watu wakacheka kidogo. Dada, hata mimi nusura nicheke, kwa sababu ni kweli, hakuna nywele kama zile Mongo nzima.

Ulipoondoka, Achta nywele zilikuwa zinamfika mabegani. Sasa zinapita kiuno, nzito hata anapoinama kuchota maji huzitupa mgongoni kwa mikono miwili. Ni kazi yangu hiyo. Kila siku ya kumi anakaa kati ya magoti yangu, nazifumua suka moja moja, nazichana kuanzia nchani ili zisikatike, nazilowesha kidogo, halafu napaka chebe, ule unga wetu wa mbegu wa kukuza nywele. Mbegu nazikaanga mwenyewe, natwanga na karafuu, nachekecha mara tatu, na kuchanganya unga huo na mafuta ya ufuta na ya ng'ombe. Wasichana wa siku hizi wanaipaka mpaka kwenye ngozi ya kichwa halafu wanashangaa kujikuna kama kuku. Mimi sigusi ngozi. Nazisuka zikiwa mbichi na mafuta, na chebe mpya inakaa juu ya ile ya zamani, hatuoshi, mpaka suka inakuwa nene kama kamba ya kisima. Wanawake wakija kunywa chai wanasema Kaltouma ana mkono. Nilikuwa napenda sana kuambiwa hivyo.

Turudi kwenye kikao. Kichwa cha mwanamke hakitazamwi na wanaume, kwa hiyo baba mdogo aliwaomba wanawake waingie ndani wakakague. Shangazi Koubra ndiye aliyekagua. Alimfungua Achta mtandio, akapitisha vidole vyake huku na huku kwenye suka, akanusa, akasema mashallah. Alitoka akawaambia wazee kwamba hakuona jeraha lolote, ila yeye ni mzee na macho yake yana ukungu, basi aulizwe anayekisuka kichwa hicho. Wote wakanigeukia. Baba mdogo akaniambia, "Binti yangu, wewe ndiye unayekijua kichwa cha ndugu yako kuliko mama aliyemzaa. Umeona alama?"

Nilisema sijaona kitu.

Hakuna aliyeniapisha, kwa sababu hakuna aliyenitilia shaka. Achta aliniangalia. Nilitegemea atapiga kelele, atanitukana, atavua mtandio pale pale mbele ya wanaume. Alitazama mkeka, akasema, "Kama Kaltouma hajaona, basi." Mama akashusha pumzi. Wazee wakasoma Fatiha, wakaamua kwamba Achta arudi kwa mumewe Alhamisi ya wiki hii, na Issakha alete sukari na vitambaa vya kumtuliza moyo. Mama mkwe alinikumbatia mlangoni. Tangu siku ile napewa kipande kizuri cha nyama kwenye sinia, na Adoum ananiita mama wa watoto kwa sauti ya zamani.

Desturi unaijua, mke anayerudishwa husukwa upya kwa mama yake, wanawake wa pande zote mbili wakiwepo. Wakapanga iwe jana. Waliketi kumi na mmoja kwenye mikeka, chai ya kwanza imeshamiminwa, mama mkwe amekaa karibu na mtungi, shangazi Koubra anasimulia vichekesho vya harusi yake. Achta akaja akakaa kati ya magoti yangu kama siku zote. Nikaanza kufumua. Ndipo aliponyoosha shingo kidogo nyuma akaninong'oneza, "Dada, safari hii suka ya kisogoni uivute kutoka upande wa kulia. Za kushoto hazishiki tena."

Zenaba, hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananielekeza kazi, kama mtu anavyomwambia fundi mahali nguo ilipochanika. Nikaacha kufumua.

Sasa nakuambia nililolificha. Niliuona upara ule kabla ya Ramadhani. Uko kisogoni upande wa kushoto, na siku ile ulikuwa kama mdomo wa bilauri ya chai, nywele zimeng'olewa na ngozi imevimba. Nilimuuliza, akasema ni msuko uliobana. Nilikasirika, kwa sababu suka zangu hazing'oi nywele, na kwa hasira hiyo nikajua ukweli. Sikumuuliza tena. Nilichukua nywele za pembeni, nikazivuta juu ya upara, nikazisukia hapo suka nene, nikapaka chebe nyingi zaidi. Mara ya pili nilifanya hivyo. Mara ya tatu, na ya nne. Kila mara upara ulikuwa umekua, na kila mara nilitafuta namna mpya ya kuufunika, na Mungu anisamehe, mara ya nne nilipomaliza niliutazama msuko wangu nikafurahi kwamba umekaa vizuri. Shangazi Koubra hana ukungu wa macho. Ni mimi niliyesuka hata asione.

Nilisema uongo kwa ajili ya watoto wangu, hilo ni kweli. Lakini sikutishwa na mtu kabla ya Ramadhani. Wakati ule Adoum hakuwa amesema neno. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka fujo, na kwa sababu nywele zile zilikuwa sifa yangu. Ndiyo maana sijisamehe.

Jana nilimwambia msichana mmoja pale uani alete ndoo ya maji ya moto na sabuni. Mama mkwe akauliza kuna nini, nani anaosha nywele siku ya kusuka, tutapoteza chebe ya mwaka mzima! Nilimwosha Achta pale pale uani. Maji yalitoka mekundu kama ya kuoshea matofali. Nilisugua, nikamimina, nikasugua tena, mpaka nywele zikalala zenyewe na kisogo kikabaki wazi mbele ya wanawake kumi na mmoja. Upara sasa unajaza kiganja changu, na pembeni kuna kidonda kibichi. Achta alikuwa ananishika goti, ananiambia, "Funika, dada, funika, watu wanaona." Nikasema waone. Nikasema kwa sauti kwamba niliujua siku zote na Ijumaa niliwadanganya.

Unadhani ilitosha? Mama mkwe alisema ni choa. Mwingine akasema ni chebe iliyooza. Shangazi Koubra aligeukia ukuta. Usiku haujaingia, baba mdogo akatuma ujumbe kwamba Kaltouma amesema maneno mawili, na wazee hawajui lipi ni la kweli, kwa hiyo uamuzi wa Alhamisi uko pale pale. Mama amesema atamfungia Achta ndani wakija kumchukua, lakini mama ni mjane na analia tu. Mimi nimelala kwake. Wanangu wako kule kwa baba yao, na asubuhi nilipokwenda kuwaona nilikuta mlango umefungwa kwa ndani.

Dada, neno langu halina uzito tena, nimelitumia vibaya. Lako linao. Wewe ni mkubwa wetu, ndiwe unayemwambia baba mdogo kaa chini akakaa. Barua itakufikia kesho mchana. Panda gari la jioni, utakuwa hapa Alhamisi asubuhi kabla hawajaja. Ukiingia usinisalimie mimi wala mama. Nenda moja kwa moja kwa Achta, umtoe mtandio, utazame kwa macho yako, kisha uwaendee wazee useme ulichokiona.

Tangu jana ananiomba nimsuke. Anasema kichwa kinamwuma kwa baridi na anaona aibu. Mama naye ananiomba. Nimekataa. Sitamsuka mpaka ufike.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto. Mama anakusalimu. Achta angekusalimu, lakini hajui kama nakuandikia, yuko nyuma ya mlango anajaribu kujisuka mwenyewe, na kila akifika kisogoni nasikia anaacha.

Mimi mdogo wako,
Kaltouma