Sugu Zangu Si Ukoma

Magamba,
Lushoto.
4 Septemba 1994

Mpendwa mdogo wangu Hamza,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako niliipata ndani ya barua, marahaba sana, na mkeo Sharifa na watoto nao marahaba. Je, hamjambo wote huko Songea? Kifua cha Sharifa kimepoa? Mahindi mmevuna? Sisi huku wazima. Baridi ya mwaka huu ilitukalia mpaka juzi, ukungu unaingia ndani bila hodi, ila sasa jua limeanza kutoka na pichesi zimetoa maua.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Binti yangu Aisha alitaka aniandikie, mimi niseme tu, nikamkatalia. Nilisoma kisomo cha watu wazima nikawa wa kwanza darasani, na mwalimu alisema mwandiko wangu unasomeka hata ukisimama mbali. Herufi zikiwa kubwa usishangae, karatasi ni yangu.

Sasa nakujibu lile uliloniuliza. Umesikia huko kwamba mimi nimepata ukoma na kwamba watanipeleka kambini. Hamza, si ukoma. Nasema tena, si ukoma, na wala si ule ugonjwa wa siku hizi ambao watu wanautaja kwa kunong'ona. Nimepimwa na wataalamu, tena wa utafiti. Lala usingizi.

Yale mabaka ya magoti na viwiko unayakumbuka, magumu, meupe kama nta ya mshumaa iliyomwagika. Mimi nilikuwa nawaambia watu ni sugu za sijida. Nani hapa anaswali kama mimi? Na lile lililotoka kwenye paji la uso, mpakani mwa nywele, ndilo lilinipa heshima kabisa. Vijana msikitini walikuwa wananipisha safu ya mbele. Nakuambia kweli, nilikuwa nayapenda kidogo.

Halafu yakatoka mgongoni. Unamjua jirani yangu Paskali, yule Mkatoliki fundi seremala ambaye tunataniana tangu ujana. Alinikuta nanawa nyuma ya nyumba bila shati, akasimama akaniangalia weee, akasema, "Bwana Sharifu, hizo za magoti nimekubali. Hizi za mgongoni unasujuduje? Unabingirika?" Nikamwambia Mkatoliki hajui swala. Lakini lile neno lilinikaa.

Nikaenda Lushoto mjini nikanunua dawa ya kupaka dukani. Siku hizi kila kitu ruksa, maduka yamejaa vikopo kutoka kila nchi, na muuzaji anajua Kiswahili kizuri kuliko daktari. Nilipaka, mabaka yakaondoka, nikamwonyesha Paskali mgongo wangu kama mtu anayeonyesha shati jipya. Kikopo kilipokwisha yakarudi kwa hasira, mekundu, mpaka kwenye vidole vya mikono. Hapo ndipo watu walipoanza kuniogopa.

Kwenye hitma ya marehemu mzee Silimu tulikaa chini wanaume kama kawaida, sinia likaletwa. Kabla sijanyoosha mkono, kijana mmoja akaniwekea sahani peke yangu pembeni. "Babu, hii yako, ule kwa nafasi." Wenzangu wote waliangalia wali. Nililamba ile sahani mpaka ikang'aa nikaomba nyingine, wasije wakasema nimeumia. Lakini tangu siku hiyo, Hamza, kila shughuli ninayokwenda kuna sahani yangu. Mtu ukizoea sinia moja na wenzako tangu utoto, sahani ya peke yako ni kama kaburi la mtu mmoja. Nyumbani mke wangu Zuhura peke yake aliendelea kula nami. Nilimwambia aache, akaniuliza kama nimemwona anakohoa.

Basi mwezi wa sita wakaja madaktari wa ngozi kutoka Moshi, wakatangaza kwamba wanatafiti magonjwa ya ngozi yanayowasha na kuvimba, kila mwenye nayo ashuke hospitali Lushoto. Watu wakagoma. Ikavuma kwamba ni mumiani, kwamba zamani walitaka damu tu, ila sasa kwa kuwa biashara imefunguliwa wanauza na ngozi. Mimi nikasema nakwenda. Niogope nini? Ngozi yenyewe ilikuwa inadondoka bure kitandani, Zuhura anafagia kila asubuhi. Mumiani angekuja kwangu angeondoka na gunia.

Nilishuka na Aisha. Daktari ni binti mdogo, anaitwa Marta, ana adabu, aliniamkia kabla hata sijakaa. Akaniambia nifumbe macho, akawa ananigusa mabaka kwa uzi wa pamba, niseme anagusa wapi. Nikapatia yote. Akaniambia mwenye ukoma hapo hasikii kitu. Nikamwambia arudie, apunguze hata ule uzi, nikapatia tena. Hakuna mtu siku ile aliyesikia pamba kama mimi, hata muuguzi alisema.

Kisha akanichoma sindano ya ganzi, akakata kipande cha ngozi kama punje ya choroko, akakitia kwenye chupa kwenda kukitazama kwa hadubini huko Moshi. Wengine pale kwenye benchi walipoona nimetoka mzima, ndipo wakaanza kuvua mashati.

Tuliporudi kwa majibu akaniambia jina la ugonjwa huu ni soriasisi. Hauambukizi, si kwa mkono, si kwa chombo, si kwa shuka. Akanieleza kwamba ngozi ya mtu hujibadilisha yenyewe polepole, ya zamani inapukutika na mpya inapanda bila mtu kuona. Yangu ina haraka. Askari wa mwili wameona adui asiyekuwepo, basi ngozi inajengwa mbiombio inarundikana. Kwa nini askari wanakosea hivyo, hata wao hawajajua sawasawa, ndiyo maana wanatafiti. Nilipenda sana kusikia hilo. Kazi ya mwezi mzima ngozi yangu inaifanya kwa siku chache. Ukoo wetu haujawahi kuwa na wavivu.

Halafu akasema, "Ila babu, nisikufiche, huu ni ugonjwa sugu."

Hamza, moyo wangu ulipasuka kwa furaha. Nilimshika mkono. Njia nzima kupanda Magamba kila niliyekutana naye nilimwambia, daktari mwenyewe wa Moshi amesema ni sugu, kama nilivyosema mimi tangu zamani. Nilimpigia Paskali hodi kwa fimbo. "Sugu," nikamwambia, "na ya mgongoni pia sugu, kamuulize." Paskali alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Aisha alivumilia mpaka tukafika nyumbani. Akasema, "Baba, sugu ya daktari siyo sugu ya mswala. Anamaanisha hauishi. Unatulizwa, lakini utakaa nao." Nikamwambia hajui Kiswahili. Kesho yake nikashuka tena peke yangu kuuliza, Daktari Marta akacheka mpaka akavua miwani, akasema binti yangu yuko sahihi. Kisha nikamwambia, kama ni kukaa nao na si ukoma, tutakaa. Mimi na Paskali tumekaa jirani miaka yote hii, naye hana dawa.

Alinipa marhamu ya lami. Lami kweli, nyeusi, inanuka kama barabara mpya. Paskali akasema serikali imeahidi lami Magamba tangu uhuru, kumbe imeanza na mimi. Pia nimeambiwa niote jua asubuhi bila shati, na vile vikopo vya dukani nisiviguse. Mtu mzima mwenye heshima kukaa kifua wazi mbele ya wakwe si jambo dogo, nimejitengea mahali nyuma ya zizi. Mgongo umelainika. Viwiko bado vikaidi, vimenifuata mimi.

Jambo lako ni hili. Daktari aliuliza kama kuna mwingine katika ukoo, kwa sababu wanaona ugonjwa huu hupenda kufuata damu ya familia. Nikamkumbuka mama. Unakumbuka hakuwahi kufungua kitambaa kichwani hata mbele yetu, na mabegani mwake palikuwa na unga unga mweupe? Tukasema ni unga wa mahindi. Naye alikula peke yake jikoni, tukasema ni aibu ya kike. Basi vua shati, Sharifa akutazame viwiko, mgongo na nyuma ya masikio, na watoto hivyo hivyo. Ukiona kitu nenda hospitali, usiende dukani. Na ukipewa sahani ya peke yako, waonyeshe barua hii.

Sasa nikuambie la mwisho ulale vizuri. Daktari Marta alipopanda huku kuandika habari za ukoo, ilikuwa Ijumaa. Mwalimu Mbaraka wa msikiti wetu alimwomba aseme neno pale nje baada ya swala. Daktari akanikunja mkono wa kanzu, akashika baka langu kwa mkono mtupu mbele ya wanaume wote, akasema si ukoma na hauambukizi. Watu walisikiliza, wakashukuru, wakaondoka. Hakuna aliyenipa mkono. Maneno yanaingia sikioni haraka, mkononi yanachelewa.

Maulidi ilipofika Zuhura alinipikia nyumbani nikala mpaka nikashiba, akasema niende nimeshiba, hiyo sahani isinisumbue. Nikaenda nikakaa. Sinia la pilau likaja, na kijana yule yule akaja na sahani. Sikuitazama. Nilinyoosha mkono wangu wenye mabaka, unaonuka lami, nikauingiza katikati ya sinia, nikangoja nione nani atatoa wake. Mmoja alitoa, akasingizia kikohozi. Mwalimu Mbaraka alinyofoa nyama, pande zuri la paja, akalisogeza upande wangu kama anavyofanyiwa mgeni, kisha akala pale pale nilipogusa mimi. Wengine wakafuata. Hata yule wa kikohozi alirudi.

Nilikuwa nimeshiba, Hamza, sikuwa na nafasi hata ya tonge moja. Nilikula mpaka sinia likaonekana maua yake.

Zuhura na Aisha wanakusalimu. Paskali naye anasalimu, anasema uje uone mtu aliyetiwa lami. Nisalimie Sharifa, watoto wote, na mzee Sefania fundi cherehani aliyekupokea huko ulipofika. Mungu akuweke, akupe riziki ya halali na ngozi ya kutulia.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, niliyeandika yote haya bila kusaidiwa,

Sharifu Shekivuli