Kompyuta Yangu Ilipobadilishwa Sura, na Msaragambo wa Jumamosi

Alhamisi, jioni. Upepo wa Same umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye bakuli la sukari. Mawingu yamelala juu ya milima, lakini huku chini hakuna hata tone. Nimeketi, nimesimama, nimeketi tena.

Mvua za vuli zinakaribia na ndiva yetu kule Myamba, bwawa la kumwagilia mashamba, imejaa tope. Lisipozolewa Jumamosi, bwawa hilo litashika maji ya kuogea bata tu, na mashamba ya ukoo mzima yatakauka mvua zikikatika. Kuitisha msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo hakuna mwenye afya anayeruhusiwa kuikwepa, ni jukumu langu, kwa kuwa mimi ni katibu wake. Tangu nistaafu ualimu na kuhamia mjini, huwaita watu kupitia kundi letu la simu. Ujumbe wenyewe huuandika kwenye kompyuta iliyounganishwa na kundi hilo, kwa sababu macho yangu hayaziwezi herufi za simu.

Jumanne nilifanya upuuzi.

Kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe, na kila kitu kilikuwa kimehama mahali pake. Nilikasirika kama mtu aliyepangiwa upya nyumba yake alipokuwa kanisani. Nikatafuta mtandaoni, nikapata programu iliyoahidi kurudisha mwonekano wa zamani, tena bure. Kabla ya kusakinishwa, iliniomba nizime kinga ya virusi. Niliisoma sentensi hiyo, nikairudia. Niliielewa vizuri.

Nikaizima kinga.

Sura ya zamani ilirudi kweli. Nilifurahi hata nikamwita mke wangu, Mama Elieza, aje aone.

Jana asubuhi kundi likapokea ujumbe kwa jina langu, wenye kiungo na maneno mawili: "Fungua haraka." Sikuuandika mimi. Pengine kwingine watu wangeupuuza. Kwetu, wito wa katibu wa msaragambo haupuuzwi; asiyeitika hutozwa faini mbele ya wenzake. Basi wakafungua. Dada yangu Nakijwa alifungua akiwa shambani, jembe begani. Sasa simu yake inatuma ujumbe uleule kwa kila anayemfahamu, hadi kwa mchungaji.

Alinipigia kwa simu ya jirani.

"Kaka, nimefungua kama ulivyoagiza. Mbona sioni kitu?"

"Si mimi niliyeagiza."

"Jina lako, picha yako, na ukali ni wako uleule. Ningejuaje?"

Nilimwomba tu awaonye wengine wasifungue chochote chenye jina langu.

Leo fundi wa kompyuta ameifuta mashine yote na kuianza upya. Aliniamkia vizuri, kisha akauliza, "Mwalimu, ulipoambiwa uzime kinga, hukushtuka?"

Nilishtuka. Nilitaka tu vitu vikae nilipovizoea, na nilikuwa na hasira. Mtu mwenye hasira hukubali masharti ambayo asubuhi nyingine angeyakataa. Fundi nilimshukuru tu, nikaondoka.

Mchana, kwa simu ya Mama Elieza, kwa kuwa namba yangu haiaminiki tena, nikaandika wito wa kweli: Jumamosi alfajiri, kila nyumba ije na jembe na karai. Nikaweka jina langu chini. Mwenyekiti wetu, Mzee Kiangi, ndiye pekee aliyejibu.

"Tumeshaonywa. Mwizi wewe, umejifunza mpaka Kiswahili cha Mwalimu! Usitusumbue."

Mama Elieza amecheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa khanga. Mimi sikuweza. Nimempigia Kiangi, simu imezimwa. Nimewapigia wengine, ama zimezimwa, ama hawapokei. Wamenitii sana, kuliko wakati wowote.

Kwa hiyo kesho nitapanda gari la kwanza la kwenda milimani. Nitamwomba Kiangi ile pembe ya zamani ya kuitia msaragambo, iliyotundikwa ukutani kwake, kama mapafu yangu bado yanaweza kuipuliza, kisha nitapiga hodi nyumba kwa nyumba. Kwa Nakijwa nitaanza, nikubali maneno yake yote.

Nadhani Jumamosi watakuja, maana watakuwa wameniona kwa macho. Lakini tope litarudi, nami sitaweza kupanda mlima kila mara. Siku hiyo nitakapowaandikia tena, ni nani atakayefungua?