Namtaka Mwanangu Kabla Ndege Hawajamaliza Mpunga

Mshauri wetu Bi Mwanaamina, shikamoo. Naomba unisaidie, na jina langu usilitaje, maana hapa Mkongo watu wana maneno. Naandika kwa simu nikiwa dunguni, kwenye kichanja cha kulindia ndege juu ya mpunga wangu, mkono mmoja simu na mkono mmoja kombeo, kwa hiyo ukiona nimekatisha ujue wametua ndege.

Mie nina mtoto mmoja wa kike, Swaumu, miaka kumi, nimezaa na mke niliyemwacha, Mashavu, na sababu ya kumwacha nakwambia ukweli ni sauti, yule mwanamke akikugombeza jikoni watu wa mtaa wa pili wanakuonea huruma, nikavumilia nikavumilia nikashindwa, nikampa talaka yake kwa heshima, akarudi kwao Utete na mtoto, wazee wakakaa wakasema mtoto asome kwa mama yake na kwangu awe anakuja, nami nikaridhika kwa sababu si mtu wa ugomvi. Basi kila mwaka mpunga ukianza kuchanua navuka mto kwenda kumchukua mwanangu akae na baba yake, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapo ndipo maneno yanapoanza, ati nampenda mtoto msimu wa ndege tu. Uongo mtupu, hata msimu wa nguruwe nilimchukua.

Ila sikufichi, Swaumu kwa kuamia ndege, kuwafukuza shambani, hana mwenzake bonde zima, kairithi sauti ya mama yake yote, akisimama dunguni akapiga ukelele mmoja kwelea wanahamia shamba la jirani, na jirani mwenyewe anatamani kuhama. Mke niliyenaye sasa, Zuena, nilimtafuta mpole makusudi, tunaishi vizuri sana, lakini yeye akiwafukuza ndege wanasogea karibu ili wamsikie vizuri. Ngoja kidogo.

Nimerudi. Mwaka huu nimefika Utete, Mashavu kasimama mlangoni, kasema mtoto hatoki, kwamba mwaka jana alikosa shule mwezi mzima na akarudi amekaukiwa sauti, mwalimu akimwambia asome anatoa pumzi tu. Nikamkumbusha kuwa mtoto akishapita miaka saba ni wa baba, hilo kila mtu analijua, akanijibu jibu ambalo nadhani hata wewe huko ulilisikia. Nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani. Akaniuliza namtaka mtoto kwa muda gani, nikasema kwa unyoofu wangu, kuanzia sasa mpaka tutakapovuna. Akavua miwani. Akauliza mtoto yuko darasa la ngapi, nikasema la pili, kumbe yuko la nne, mie nikaona si kosa kubwa kwa sababu madarasa yenyewe yanabadilika kila mwaka. Akauliza sikukuu ya Idi nilimpelekea nini, nikafurahi maana hilo jibu lake nilikuwa nalo, nikasema nilimpelekea kombeo jipya, tena nimelisuka mwenyewe.

Ndipo akamwita Swaumu, akamuuliza mbele yetu angependa kuishi wapi. Mtoto akafikiri kwanza, kisha akasema, "Baba nampenda. Ila nyumbani kwake mie sipajui, najua dungu lake tu."

Mshauri, iliniuma. Mashavu mwenyewe alimwita mtoto kwa sauti ya chini, na yule sauti ya chini hana. Kupatana tukashindwa, sasa tumeambiwa twende mahakamani, kesi ni wiki ijayo, na watu wananitisha kuwa naweza kuzuiwa kumchukua hata likizo. Naomba unifundishe maneno ya kumwambia hakimu nimpate mwanangu, na kama inawezekana iwe haraka, mpunga umeshatia maziwa. Usiku silali vizuri, na naapa si kwa sababu ya ndege peke yake.

Ni mimi baba mnyang'anywa mtoto, Mkongo.

Bi Mwanaamina anajibu

Marahaba, baba Swaumu. Jina lako sijalitaja kama ulivyoomba, ila wewe umetaja la mtoto, la mkeo, la mtalaka wako na la kijiji, kwa hiyo hapo Mkongo nadhani wameshakujua. Pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika. Ulimwacha mwanamke kwa sababu ya sauti, halafu kila mwaka unavuka mto kuifuata sauti ile ile kooni mwa mtoto. Tena ukaitumia mpaka ikakauka, ukamrudisha kwa mama yake kama sufuria la kuazima. Na zawadi ya Idi ukampelekea kombeo. Wenzake wanapelekewa viatu, yeye kapelekewa vifaa vya kazi. Hivi huoni aibu?

Hilo la miaka saba walikudanganya huko kwenye kahawa. Sheria ya mtoto inachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni bora awe na mama yake. Haisemi kwamba akishazidi saba baba anakuja kumfungua kamba amswage kama mbuzi. Hakimu ataangalia mtoto atanufaika wapi, na mtoto mwenyewe atasikilizwa, maana kumi ni umri wa mtu mwenye akili zake. Maneno ya kumshinda sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Na ukienda kumwambia hakimu unamtaka mpaka mavuno, tafadhali usiseme ulinisikiliza mimi.

Simkatazi mtoto wa mkulima kushika jembe. Mie mwenyewe nimeamia ndege, na mpaka leo nikiona kwelea mkono unaniwasha. Lakini niliamia Jumamosi na likizo, na jioni baba alinibeba mgongoni kurudi nyumbani. Kumtoa mtoto darasani mwezi mzima ni kumwibia, hata kama mwizi ni baba yake.

Kuna jambo moja limenifanya nisikutupe. Yale maneno ya Swaumu ungeweza kuyaficha, na hukuyaficha. Sasa yasome tena. Mtoto kaanza kwa kusema anakupenda, tena mbele ya mama yake, wala hakuogopa. Mtoto anayelishwa chuki nyumbani hawezi kusema hivyo. Maana yake Mashavu, pamoja na makelele yake yote, hajakuchafua kwa mwanao. Umshukuru, na umshukuru kabla ya siku ya kesi.

Jumamosi hii shuka kwenye hilo dungu. Zuena mpe debe tupu na kipande cha fimbo, debe halihitaji mtu mkali, na majirani waombe mpeane zamu kama wakulima wengine. Uvuke Utete, na kombeo liache Mkongo. Kaa na mtoto, muulize mwalimu wake anaitwa nani, anakaa na nani darasani, nini kinamshinda. Habari za mpunga usizitaje kabisa, hata akikuuliza yeye. Kisha mkae wewe na Mashavu mbele ya yule mama wa ustawi mwandikishane: mtoto asome bila kukatizwa, matunzo upeleke kila mwezi bila kukumbushwa, na shule zikifungwa aje kwako. Kwako ni nyumbani, si dunguni, alale kitandani, ale na Zuena, ajue kisima kiko wapi na majirani ni akina nani. Mkikubaliana, makubaliano hayo yafikisheni kwa hakimu ayape nguvu. Atafurahi kuliko kuwasikiliza mkitukanana, hasa ukizingatia sauti ya mwenzako.

Ndege watakula kidogo mwaka huu, nawe utaumia, lakini utapanda tena. Kuna siku, Mungu akitupa uhai, Swaumu ataolewa. Siku hiyo atatafutwa walii, na ni wewe utakayeitwa ukae mkekani, ushikane mkono na bwana harusi, umwozeshe mwanao. Nafasi hiyo hakuna wa kukunyang'anya, si Mashavu wala hakimu. Vuka mto mapema, baba Swaumu, usije ukakaa pale mkekani kuozesha mtoto usiyemjua.